Nyota mbili ndani ya blanketi moja, maana yake ni nini?

Nianze na nyota ambayo kwangu mimi ndo ilifungua hii dhana, inaitwa V471 Tauri. Kama unaijua Kilimia, yenyewe iko kusini kidogo ya hapo ila kwa macho matupu huioni, mpaka darubini, na iko mbali kama miaka ya nuru 150 hivi. Ukiitazama ni doa moja la mwanga lakini kiukweli ni nyota mbili zinazungukana, moja ya kawaida ya rangi ya machungwa, ndogo kidogo kuliko Jua, na nyingine ni kibete cheupe, yaani kiini kinachobaki nyota ikishakufa, uzito wake haupishani sana na wa Jua ila saizi yake inakaribia hii dunia yetu tu. Mwaka 1970 wanaastronomia wawili, Nelson na Young, walionyesha kwamba kila baada ya masaa 12 na nusu mwanga unapungua ghafla, na sababu ni kwamba kibete kinapita nyuma ya mwenzake kinafichwa.

Sasa hayo masaa 12 na nusu ndo yanaleta kitendawili. Ukipiga hesabu unakuta hizi nyota zimeachana kama kilomita milioni 2.3 tu, wakati sisi na Jua tumeachana kilomita milioni 150. Na kibete cheupe hakitokei hivihivi, lazima nyota kwanza ivimbe iwe jitu jekundu, kutoka katikati mpaka ukingoni inaweza kufika zaidi ya mara 100 ya Jua, hiyo ni kilomita milioni 70 na zaidi. Yaani ile nyota ya machungwa leo inazunguka sehemu ambayo zamani ilikuwa tumboni mwa mwenzake! Iliingiaje humo, na ilitokaje mzima?

Jibu liliandikwa mwaka 1976 na mwanaastronomia mmoja Mpolandi, Bohdan Paczyński, japo kulikuwa na wenzake waliokuwa wanawaza njia hiyohiyo. Ni hivi. Kila nyota katika jozi ina eneo lake ambalo mvutano wake ndo unatawala, linaitwa eneo la Roche kwa heshima ya Édouard Roche, Mfaransa wa karne ya 19. Nyota kubwa ikizeeka inavimba mpaka inajaza eneo lake, gesi inaanza kumwagikia kwa mwenzake. Hapo mambo yangeweza kwenda polepole tu kwa miaka mingi, na kwa jozi nyingine inakuwa hivyo kweli, ila jitu jekundu lina tabia mbaya moja, likipunguzwa gesi halisinyai, linazidi kutanuka, na wakati huohuo uzito ukihama kutoka kwa mzito kwenda kwa mwepesi zile nyota zinasogeleana, kwa hiyo eneo linapungua huku nyota inatanuka, gesi inamwagika zaidi, zinasogeleana zaidi, na hakuna tena wa kuizuia. Mwenzake mdogo hawezi kumeza gesi yote hiyo kwa mkupuo, inamjaa, inamfunika gubigubi. Sasa kiini cha jitu na nyota ndogo viko ndani ya wingu moja la gesi, na hilo wingu ndo blanketi la pamoja.

Humo ndani nyota ndogo inasukumana na gesi kila inapopita, inakosa mwendo, inazama kuelekea kwenye kiini. Fikiria lori linaloshuka mlima mkali, breki zinavyopata moto, ile nguvu ya mteremko haijapotea, imegeuka joto. Na hapa nguvu ya kuporomoka inaingia kwenye gesi, inaipasha moto na kuisukuma nje. Swali linabaki moja tu, nguvu itatosha kulitupa blanketi lote kabla nyota hazijagongana? Ikitosha unapata kama V471 Tauri, kiini kimebaki uchi na mwenzake yuko jirani kabisa. Isipotosha zinaungana kuwa nyota moja.

Kuungana tumekushuhudia. Nyota inayoitwa V1309 Scorpii ililipuka kwa mwanga mwaka 2008, na bahati nzuri mradi wa OGLE wa Wapolandi wenye darubini kule Chile ulikuwa unaipiga picha tangu miaka ya nyuma, watu wakarudi kwenye zile data wakakuta jozi iliyokuwa inazungukana kwa siku 1.4 hivi, na muda huo ulikuwa unapungua mwaka hadi mwaka mpaka zikaungana. Mi hii kitu inanisisimua kila nikiikumbuka.

Angalizo kidogo, kuna nyota zinagusana na kushea gesi ya juu lakini gesi yenyewe inazunguka pamoja nazo, hakuna msuguano huo, hizo zinaweza kukaa hivyo muda mrefu sana. Blanketi ninalosema hapa ni la kupita tu, kwa maisha ya nyota ni kufumba na kufumbua, ndo maana kuikuta nyota ikiwa humo ni ngumu, na hata kwenye kompyuta wataalamu bado wanahangaika, mara nyingi gesi inatoka sehemu tu na nyingine inabaki.

Na wanahangaika kwa sababu nzuri. Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya LIGO kule Marekani na Virgo kule Italia ilinasa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga-wakati yenyewe, ya nyota mbili za nutroni (viini vilivyobanwa mno vinavyobaki nyota kubwa zikilipuka) zikigongana, na ili zigongane lazima kwanza ziwe zimesogezwa karibu mno, na njia mojawapo kubwa inayotajwa ya kuzisogeza ni hilihili blanketi.

V471 Tauri yenyewe haijamaliza. Siku moja ile nyota ya machungwa nayo itajaza eneo lake, na safari hii gesi itamwagikia kwenye kibete.