Lower Hill: hasara isiyokuwemo kwenye fomu

Mwaka 1943 diwani wa jiji la Pittsburgh, Marekani, George Evans, aliandika kwamba karibu asilimia 90 ya majengo ya mtaa wa Lower Hill yalikuwa chini ya kiwango, hivyo hata yakibomolewa yote hakutakuwa na hasara ya kijamii. Mimi ni mpangamiji, na naitambua lugha hiyo vizuri: ndiyo tunayoandikia ripoti zetu.

Ubovu wenyewe haukuwa uongo. Wazee waliokulia Wylie Avenue, barabara ya mtaa huo, hawafichi kwamba nyumba nyingi zilikuwa mbovu. Lakini ubovu huo ulikuwa na chanzo. Miaka ya 1930 ramani za serikali kuu za mikopo ya nyumba ziliuweka mtaa huu wa Weusi daraja la mwisho, lenye rangi nyekundu, na benki zikafunga mkono. Nyumba isiyokopesheka inakarabatiwa kwa fedha gani? Fedha za mtaani zilipita kwingine, kwa watu kama Gus Greenlee, mwenye klabu ya Crawford Grill na timu ya besiboli ya Pittsburgh Crawfords, aliyetajirika kwa bahati nasibu haramu ya namba.

Kisha ikaja sheria ya nyumba ya 1949. Utaratibu wake ulikuwa hivi: jiji linatangaza eneo kuwa limeoza, linatwaa viwanja kwa nguvu, linabomoa, halafu linamuuzia mwekezaji ardhi kwa bei ya chini. Pengo kati ya gharama na mauzo serikali kuu inalifidia kwa theluthi mbili. Hasara pekee iliyokuwa na safu kwenye daftari ni hiyo.

Bomoabomoa ilianza 1956. Ziliondoka ekari 95, watu zaidi ya 8,000 na biashara zaidi ya 400. Kanisa la Bethel AME (African Methodist Episcopal), la waumini Weusi, liliangushwa 1957. Kanisa Katoliki la Epiphany, hapo hapo jirani, likaachwa. Mwaka 1961 ukafunguliwa ukumbi wa Civic Arena wenye paa la chuma linalofunguka. Kihandisi ilikuwa kazi nzuri, nakiri, lakini ulizungukwa na maegesho ya magari.

Kumbukumbu za wazee nazichukua kama data, wala si kwa huruma. Mzee hakumbuki nyumba moja moja. Anakumbuka mpangilio: kinyozi, kisha duka la Myahudi, kisha klabu ya jazi, kisha kibaraza alikoketi mama fulani aliyejua mtoto yupi wa nani. Nani alimkopesha nani, nani alimlelea nani. Mkaguzi mwenye fomu alihesabu mabomba na nyufa, akapita.

Bahati nzuri kulikuwa na Charles "Teenie" Harris, mpigapicha wa gazeti la Pittsburgh Courier. Negativu zake, karibu 80,000, ziko Carnegie Museum of Art, na wazee wamekuwa wakiitwa kutambua waliomo. Wengine hutazama sura. Mimi hutazama nyuma yake, kwenye vibao vya maduka na namba za milango. Kwa mtu wa kazi yangu, hiyo ni ramani iliyo bora kuliko ya jiji.

Bomoabomoa haikufika juu ya kilima. Kwenye kona ya Centre Avenue na Crawford Street wakazi walisimamisha bango kubwa la kukataza uendelezaji kuvuka hapo, na kona hiyo ikawa mahali pa kuanzia maandamano; leo inaitwa Freedom Corner.

Ukumbi wa Civic Arena wenyewe ulibomolewa 2011 na 2012. Mwaka 2023 klabu ya hoki ya Penguins, iliyokuwa na haki ya kuendeleza eneo hilo, ilikubali kuwapa Bethel ekari 1.5. Kanisa liliweza kudai kwa sababu taasisi haifi: lina jina, kumbukumbu za maandishi na waumini wa kulisemea. Aliyepanga chumba kimoja Wylie Avenue hakuwa na hati yoyote, na wajukuu wake hawana cha kupeleka mezani zaidi ya alichowasimulia.