Je, wajua kwa nini spidi inasoma vizuri lakini sauti ya kikao inakatika?

Bosi anapiga simu kutoka Posta: "Fundi, tunalipia mega hamsini, mbona mteja wa London ananisikia vipande vipande?" Unafika, unapima spidi, mshale unapanda hadi 48. Ofisi nzima inakutazama wewe kana kwamba ndiye uliyeharibu.

Kumbe kipimo cha spidi hujibu swali jingine kabisa. Chenyewe hupima upana wa barabara. Kimara hadi Kibaha sasa ni njia nane, lakini njia hizo hazijaisogeza Kibaha karibu na Posta hata hatua moja. Simu ya sauti haina haja na upana: kilobiti 100 kwa sekunde zinaitosha. Inachotaka ni pakiti zifike zote, na zifike mapema.

Pakiti ni vipande ambavyo data hukatwa kabla ya kusafirishwa, kwa kawaida visivyozidi baiti 1,500. Ukifungua tovuti, pakiti ikipotea hutumwa tena, nawe unaona tu ukurasa umechelewa kidogo. Sauti haina muda huo. Silabi iliyopotea ikirudi nusu sekunde baadaye, mwenzako ameshafika kwenye sentensi nyingine, kwa hiyo programu huiacha ipotee. Ndiyo maana barua pepe zinaingia vizuri huku kikao kinakwaruza.

Kuchelewa nako kuna sehemu isiyoepukika. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kilomita 10,000 chini ya bahari, kwenda na kurudi, inakula milisekunde 100 hata kama kila kitu ni kizima. Ukiona 150 au zaidi kidogo kwenda Ulaya, usitafute mchawi. Siku nyingine tatizo kweli ni la baharini: Mei 12, 2024, nyaya za Seacom na EASSy zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nzima ilihisi. Siku kama hiyo hata ukinunua ruta mpya ni kazi bure.

Lakini siku hizo ni chache. Mara nyingi ubovu umo humo humo ofisini, na wa kuufichua ni ping, kiprogramu kinachotuma pakiti ndogo na kupima jibu linarudi baada ya muda gani, alichoandika Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983 na kukipa jina la mlio wa sona ya nyambizi. Anza karibu, kisha sogea mbali. Kwenye Windows fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika ipconfig upate anwani ya ruta yako, kisha ping -n 100 na anwani hiyo. Bila hiyo 100, Windows hutuma pakiti nne tu, na nne hazikwambii kitu. Kwa waya, ruta ijibu ndani ya milisekunde moja au mbili, pasipotee hata moja. Zikipotea hapo, mtoa huduma hana kosa: angalia waya uliobanwa na mguu wa meza, kichwa kilicholegea, swichi iliyochoka. Kama ni Wi-Fi, kumbuka kwamba kwenye 2.4 GHz ni chaneli 1, 6 na 11 tu zisizoingiliana, na ghorofa moja la Kariakoo linaweza kuwa na Wi-Fi za kila duka.

Ruta ikiwa safi, pima kituo cha kwanza cha mtoa huduma, halafu 8.8.8.8, anwani ya seva ya Google. Ukitumia tracert, amri inayoorodhesha vituo vyote pakiti inavyopita, usitishwe na nyota za katikati, yaani vituo visivyojibu. Ruta nyingi kubwa hazijishughulishi kujibu ping. Kama vituo vinavyofuata vinajibu sawasawa, hakuna kilichopotea.

Kisha kuna foleni, ambayo ndiyo hunichosha kuliko zote. Ofisi moja walikuwa safi asubuhi, ikifika saa kumi jioni ping inaruka kutoka milisekunde 20 hadi 900. Tulibadilisha waya, tukamlaumu mtoa huduma, tukaomba radhi. Mwisho tuligundua kamera za ulinzi zilipangiwa kupandisha video zote muda huo. Njia ya kupandisha ilijaa, ruta ikazipanga pakiti kwenye foleni ndefu badala ya kuzitupa zilizozidi, na sauti ya watu ikasubiri nyuma ya picha za korido tupu. Hatukununua mega hata moja. Kamera zilihamishiwa usiku, na kwenye ruta tukaweka kikomo cha kupandisha kuwa asilimia 90 ya uwezo wa laini, ili foleni isijengeke.

Kwa hiyo pima mara mbili: laini ikiwa tupu, na ikiwa imejaa. Ukimpigia mtoa huduma, ataanza kwa kukwambia uzime ruta, uwashe. Izime, uiwashe, halafu mtumie picha mbili zenye saa: ruta yako imejibu 100 kwa 100, kituo chake cha kwanza kimejibu 93.