Je, wajua kwa nini bingwa wa mieleka hupigwa na bado akaondoka na mkanda wake?

Ukitazama mieleka ya Marekani sebuleni na wenzako, ugomvi huu hauepukiki. Mpinzani amemtwanga bingwa hadi hajiwezi. Bingwa anateleza chini ya kamba, anatoka nje ya ulingo, refa anahesabu mpaka kumi, kengele inalia. Mpinzani anatangazwa mshindi. Halafu yule aliyeshindwa anauchukua mkanda, anautupia begani, anaondoka nao. "Sasa mbona hawampi mwenzake?"

Hawampi kwa sababu ya kanuni moja. Katika WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, kwa kawaida ubingwa huhama bingwa akibanwa mabega chini mpaka refa apige sakafu mara tatu, au akisalimu amri baada ya kukabwa. Akihesabiwa akiwa nje, au akiondolewa kwa rafu, tuseme amempiga mwenzake kwa kiti, hapo amepoteza pambano tu. Mkanda unabaki wake.

Ukiisikia mara ya kwanza inaonekana dhuluma. Lakini rudi nyuma hadi mwaka 1948, mapromota wa sehemu mbalimbali za Marekani walipoungana na kuunda NWA. Walikubaliana kuwa na bingwa mmoja wa dunia, azunguke mji hadi mji akipambana na shujaa wa kila mahali. Matokeo ya mieleka hii hupangwa kabla, na promota alikuwa na shida mbili kwa mpigo. Alitaka shujaa wa nyumbani aonekane anamweza bingwa, ili watu warudi kulipa kiingilio siku nyingine. Na bingwa naye kesho anasubiriwa mji mwingine, hawezi kwenda mikono mitupu. Basi bingwa anacheza rafu, anaondolewa: mwenyeji kashinda, mkanda umepanda gari. Mimi naihesabu miongoni mwa kanuni zenye akili kubwa katika burudani yoyote ile.

Aliyeitumia bila haya ni mwanamieleka Honky Tonk Man. Tangu Juni 1987 aliushikilia ubingwa wa Intercontinental, mmoja wa mikanda ya kampuni hiyo, kwa siku 454, mara nyingi akiponea kwa kukimbia au kujitafutia kuondolewa. Watu walimchukia kwa dhati, na kwa hiyo walifurika kumtazama wakiomba leo iwe leo. Siku yenyewe ilifika tarehe 29 Agosti 1988, Madison Square Garden, New York. Ultimate Warrior aliingia mbio, akamwangusha na kumbana katika muda wa kama nusu dakika. Hakupata hata nafasi ya kutoroka.

Sasa utaelewa masharti maalumu yanatafuta nini: kuziba tundu la bingwa kuponyokea. Tarehe 24 Novemba 1983, mjini Greensboro, Harley Race alitetea mkanda wa NWA mbele ya Ric Flair ndani ya kizimba cha chuma. Hapo hakuna pa kukimbilia, na Flair akautwaa.

Pambano la ngazi linakwenda mbali zaidi, maana linafuta kuhesabiwa, kuondolewa na hata kubanana. Mkanda unaning'inizwa juu ya ulingo, atakayeufikia ni wake. Katika WrestleMania X, onyesho kubwa la kila mwaka la kampuni hiyo, mwaka 1994, ilining'inizwa mikanda miwili. Shawn Michaels alikuwa amevuliwa ubingwa bila kupigwa, akaendelea kutembea na mkanda wake, huku Razor Ramon akipewa mwingine. Nani bingwa wa kweli? Mwishoni Michaels alinasa kwenye kamba, anajikwamua huku akimwona mwenzake anapanda ngazi taratibu, kidato kwa kidato, mpaka akaitungua yote miwili.

Lipo pia sharti linalomgeukia bingwa mwenyewe. Wakiwa watatu ulingoni, anayembana yeyote kati ya wenzake anashinda, hata kama aliyebanwa si bingwa. Mwaka 2015, katika WrestleMania 31, Brock Lesnar alikuwa akitetea mkanda dhidi ya Roman Reigns. Wote wawili wamechoka, Seth Rollins akaja mbio na mkoba wake wa Money in the Bank, wenye mkataba wa kudai pambano la ubingwa wakati wowote autakao. Pambano likawa la watu watatu. Rollins akamkandamiza Reigns kichwa chini kwa mguu, akambana, moja, mbili, tatu. Lesnar alikuwa amebingirika nje ya ulingo. Mabega yake hayakubanwa chini, hakusalimu amri, na mkanda ulikuwa tayari mikononi mwa Rollins.