Je, Wathai hula kila kitu kwa vijiti?

Watu wengi huamini kwamba Thailand, kama China au Japani, chakula huliwa kwa vijiti. Basi mgeni akiletewa sahani ya wali mjini Bangkok, huomba vijiti akidhani ndiyo heshima.

Kwa kawaida wali huko huliwa kwa kijiko na uma. Kijiko hushikwa mkono wa kulia, nacho ndicho kinachoingia mdomoni. Uma wa kushoto kazi yake ni kusukumia chakula kijikoni. Kisu hakihitajiki sana, maana nyama na mboga hukatwakatwa mapema jikoni. Kaskazini, na Isan upande wa kaskazini-mashariki, wali wa kunata humegwa kwa vidole, ukafinyangwa tonge na kuchovywa. Mla ugali hapo hahitaji mwalimu.

Dhana hii haikuzuka hewani, lakini. Tambi za supu, zenye asili ya Kichina, huliwa kwa vijiti pamoja na kijiko.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta video za familia za Kithai zikila nyumbani, si picha za mikahawa ya ng'ambo, ambayo huweza kuweka vijiti kwa sababu tu wateja huvitarajia. Ukiwa huko huko, tupia jicho meza ya jirani.