Mafahari wawili kwenye diski moja

Mwenye kiwanda aliniuliza swali moja tu: "Fundi, maji yakiingia humu, wavuvi nitawalipaje?" Kiwanda kipo Mwanza, kinanunua sangara, na mizani ya mapokezi huanza kuandika kwenye hifadhidata saa kumi na moja alfajiri. Kilo zikipotea, hakuna anayejua nani anamdai nani. Chumba cha seva kipo chini kabisa, hatua chache kutoka mwaloni, na sote tulikumbuka mwaka 2020 ziwa lilipopanda likaingia kwenye majengo ya ufukweni.

Seva ilikuwa na diski nane za RAID 6, yaani mbili zikifa kwa mpigo kazi haisimami. Mpangilio huo unakukinga na diski mbovu. Mafuriko yakija, una diski nane zilizolowa.

Bosi alitaka nakala ya pili ikae ofisi yake nyingine, hapahapa jijini. Nikamkatalia. Umeme ni ule ule, ziwa ni lile lile. Hata tetemeko la Septemba 10, 2016, la ukubwa wa 5.9, liliivunja Bukoba lakini huku Mwanza nasi tulilisikia. Seva ya pili tukaiweka Shinyanga, kilomita kama 160 kwa barabara.

Mbona si Dar? Nuru ndani ya mkongo hukimbia takriban kilomita 200 kwa milisekunde. Kwenda na kurudi, kila kilomita 100 zinakula milisekunde moja, na vifaa vya njiani navyo vinachukua chao. Nilitumia DRBD kwenye Linux, programu inayonakili kila kinachoandikwa kwenye diski ya seva moja kwenda diski ya seva nyingine, kwa itifaki C: seva ya Mwanza haisemi "nimeandika" mpaka Shinyanga nayo iwe imeandika kwenye diski yake. Nilipima milisekunde 3. Kwa miamala inayofuatana mmoja mmoja, hiyo ni kama 330 kwa sekunde, inatosha. Dar ni zaidi ya kilomita 1,100. Hata vifaa vya njiani visipochukua chochote, huvuki miamala 90 kwa sekunde. Kwa umbali huo unatumia itifaki A, ambayo haisubiri, ila umekubali kwamba siku ya maafa sekunde za mwisho zimekwenda na maji. Pesa ya mvuvi sikuthubutu.

Usisahau pia: faili za data na daftari la miamala la hifadhidata viwe kwenye rasilimali moja ya DRBD, yaani kundi moja linalonakiliwa pamoja, ili mpangilio wa kuandika ubaki vile vile upande wa pili. Ukivitenganisha, kimoja kinaweza kumtangulia mwenzake na hifadhidata ikagoma kuamka.

Nakala ya kwanza ilikuwa terabaiti 4. Kwa laini yetu ya megabiti 100 kwa sekunde, hizo ni saa 89 bila kupumzika. Nikapanda basi na diski kwenye begi, nimelipakata njia nzima kama mtoto mchanga. DRBD huweka alama ya biti moja kwa kila kipande cha kilobaiti 4 kilichobadilika, hivyo nilipofika, kilichosafiri kwenye waya ni yale tu yaliyoandikwa nikiwa njiani.

Kisha nikafanya kosa langu. Niliziacha seva mbili peke yake.

Mwezi wa pili greda likakata mkongo kando ya barabara. Shinyanga ikaona kimya, ikaamini Mwanza imekufa, ikajipandisha cheo kuwa seva kuu. Mwanza ilikuwa hai kabisa na mizani inaandika. Wanunuzi wetu wa upande wa Sengerema, wanaotumia simu, wakahamishiwa Shinyanga. Kwa dakika 47 tulikuwa na wakubwa wawili, na mafahari wawili hawakai zizi moja. Mkongo uliporudi, DRBD ilikataa kuwaunganisha, na ilikuwa na haki. Stakabadhi namba 41207 ilikuwa ya mtumbwi mmoja Mwanza na ya mtumbwi mwingine kabisa Sengerema. Programu inakutaka uchague upande wa kutupa; haijui kuchanganya. Mimi na karani tulikaa siku mbili na vitabu vya stakabadhi, karatasi ya kaboni imetutia weusi vidoleni, tukiingiza upya kilo za Shinyanga.

Kuna wanaosema seva moja iwe na uwezo wa kuikatia mwenzake umeme. Sawa, kama zipo chumba kimoja. Mkongo ukikatika, amri ya kuua nayo haifiki.

Dawa ilikuwa shahidi wa tatu: kompyuta ndogo Dodoma, haibebi data yoyote, kazi yake kupiga kura. Anayebaki na kura mbili kati ya tatu anaandika. Aliyebaki na moja ananyamaza. Nililazimika kuhakikisha kila upande unamfikia shahidi kwa njia isiyopita kwenye mkongo ule ule, maana vinginevyo greda moja linaua mshindani na shahidi pamoja.

Na nakala za usiku zinaendelea, kwenye diski nyingine kabisa. Karani akifuta jedwali Mwanza, Shinyanga inalifuta milisekunde 3 baadaye, kwa utiifu mkubwa.

Jumapili iliyopita tulichomoa umeme wa seva ya Mwanza makusudi, mapokezi yakiendelea. Mizani ilisimama sekunde 50 hivi. Kijana wa mapokezi akaipiga printa kofi mara mbili, akidhani karatasi imekwama, kisha stakabadhi ikatoka.