Ndege Peke Yake Haimalizi Moto wa Mlimani

Kila kiangazi huzunguka katika makundi ya WhatsApp ujumbe unaodai kwamba moto wa Mlima Kilimanjaro, kama ule wa Oktoba 2020, ungezimika kwa siku moja iwapo ndege zingemwaga maji, na kwamba wanaopanda na majembe, mapanga na matawi mabichi wanapoteza muda. Sivyo.

Maji ya angani hupunguza makali ya moto, lakini mara nyingi hayaumalizi. Juu ya msitu, kwenye vichaka vya erika (mimea migumu ya mwinuko wa juu), mizizi na mboji kavu huweza kuendelea kufuka chini ya ardhi baada ya ndimi za moto kutoweka, na upepo ukivuma, moto huibuka upya. Ndiyo maana lazima watu wafike kwa miguu, wakate mkanda wa kuzuia moto hadi kwenye udongo mtupu, kisha wasogeze mgongo wa kiganja karibu na majivu ili kuhisi joto lililojificha. Isitoshe, hewa nyepesi ya mwinuko ule huipunguzia helikopta uwezo wa kubeba mzigo.

Wengi huchanganywa na video za ndege, kwa kuwa kazi ya jembe hupigwa picha kwa nadra. Anayetaka kuhakikisha atazame ramani za setilaiti zilizo wazi kwa umma, ambako alama za joto huweza kurudi palipodhaniwa pamezimika. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Unawavunja moyo wanaojitolea.