Umeme wa vyombo vya rimoti: yanayosemwa pwani na yaliyo kweli

Mtoto wa Unguja au Pemba akiamua kuunda kijahazi, kazi ya mbao haimpi tabu. Nungwi, wanakounda vyombo mpaka leo, hakosi mtu wa kumwonesha mkuku na mbavu zinavyokaa. Tabu huanza anapotaka kukitia mota na kukiendesha kwa rimoti. Hapo maneno ni mengi, na mengi yake si kweli. Kijana anaunguza kifaa alichokinunua kwa kudunduliza, anavunjika moyo, chombo kinabaki juu ya kabati. Hilo linaniuma, kwa sababu yanayohitajika kujulikana si mengi.

“Hayo ni mambo mapya, ya wasomi.”

Nikola Tesla aliwaonesha watu wa New York boti inayoongozwa kwa redio mwaka 1898. Hesabu za kazi hii ni za kuzidisha na kugawa. Mwanafunzi wa skuli ya msingi anaziweza.

“Betri yenye mAh nyingi itaunguza mota.”

Hii ndiyo imewapoteza wengi. mAh (miliampea-saa; 1000 ni ampea moja kwa saa moja) ni kama ukubwa wa tangi: inakwambia betri itadumu muda gani, basi. Betri haisukumizi ampea, yaani wingi wa umeme unaopita, ndani ya mota. Mota ndiyo inayovuta, tena kwa kadiri ya kazi iliyopewa. Betri ya mAh 3000 ikiendesha mota inayovuta ampea 3 itakwenda kiasi cha saa moja. Ukiweka ya mAh 6000 itakwenda saa mbili, na mota haitahisi tofauti.

Angalia volti, yaani msukumo wa umeme, badala yake. Tuseme umetoka kwenye betri ya lithiamu ya seli mbili, volti 7.4, ukaenda kwenye ya seli tatu, volti 11.1, na panga linalosukuma chombo majini ni lile lile. Volti zimeongezeka nusu tu. Lakini nguvu inayotakiwa kuzungusha panga majini hupanda haraka kuliko kasi yake: kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakaribia mara nane. Kwa hiyo ampea zako zinaweza kufika mara mbili na zaidi ya zile za mwanzo, ilhali nyaya na kidhibiti mwendo (kile kiboksi kilicho kati ya betri na mota) ni vya zamani. Panga kubwa kupita kiasi nalo huleta balaa hiyo hiyo.

Halafu kuna mwani. Anayejaribu chombo upande wa Paje au Jambiani, kwenye mashamba ya mwani, ajue kwamba uzi mmoja ukijizonga kwenye panga mota husimama huku umeme unaingia. Mota iliyokwama huvuta kuliko wakati wowote: ya volti 12 yenye ukinzani (uzuiaji wa umeme) wa nusu omu inaweza kuomba ampea 24. Ndani ya sekunde chache kitu kitaungua.

“Chombo kidogo hakihitaji fyuzi.”

Kwa sababu ya mwani huo, kinahitaji. Ikae karibu na betri, kwenye waya mwekundu. Chagua iliyozidi kidogo ampea za mwendo wa kawaida, lakini isiyozidi uwezo wa waya. Ikikatika, usitie unyuzi wa shaba mahali pake; tafuta kilichoikata.

“Mita imesoma volti 12, betri nzima.”

Betri za risasi zilizotolewa kwenye UPS za kompyuta (viboksi vya kushikilia umeme unapokatika) zinamfaa sana anayeanza. Ni nzito, na uzito wake unatuliza chombo. Ila betri ya aina hiyo iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.7, ikisoma 12.0 kamili imekwisha. Tena iliyochoka inaweza kusoma vizuri ikiwa haifanyi kazi, ukiifunga taa ya pikipiki volti zikaporomoka papo hapo. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji muipime taa ikiwa inawaka. Na mita yenyewe usiiweke upande wa ampea ukagusa ncha mbili za betri moja kwa moja, utaiunguza.

“Nimeziba kwa silikoni, maji hayaingii.”

Silikoni inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba. Tafuta isiyonuka hivyo. Njia kubwa ya maji, hata hivyo, ni bomba la shafti ya panga: lijaze grisi. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 kwa lita, na penye umeme yanakula maungio usiku mmoja. Ukirudi nyumbani suuza kwa maji baridi yasiyo chumvi, betri ukiwa umeshaitoa, uache wazi pakauke.

“Betri ya lithiamu ndiyo bora kwa kila mtu.”

Ni nyepesi na ina nguvu, lakini si ya kujifunzia. Kila seli isipite volti 4.2 wala isishuke chini ya 3.0, ichajiwe kwa chaja yake yenye kusawazisha seli, na mtu awepo. Ukiiweka muda mrefu, iache kwenye volti 3.8 kwa kila seli. Ndani ya gari juani si mahali pake.

“Rimoti ya kisasa inafika popote.”

Masafa ya gigahezi 2.4, ndiyo mawimbi ya rimoti hizo, hayapenyi maji ya chumvi hata kina cha kiganja. Antena ikilala chini ya usawa wa maji, chombo kitakatika mawasiliano mita chache tu kutoka ufukweni. Ipandishe juu, kwenye mlingoti ikiwezekana. Washa rimoti kwanza, chombo baadaye; unapozima, anza na chombo. Na kabla ya kukishusha, zima rimoti makusudi uone kama mota inasimama yenyewe. Isiposimama usikishushe, khasa wakati wa bamvua maji yanapokupwa.